Hotuba Juu ya Karani na Moto wa Kiwandani

(Ilisomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Nilipotaja neno ninalotaka kulinena, ndugu mmoja aliniuliza: "Moto wa viwandani wamhusu nini karani? Si una watu wake, mafundi na manyapara na wazima moto?" Swali hilo ni jema, nami nataka hotuba yangu yote iwe jawabu lake. Kwa ufupi jawabu ni hili: fundi anayo nyundo, bali karani anavyo vitu vitatu, yaani daftari, ufunguo na simu. Na mara nyingi walioangamia kwa moto waliangamia kwa sababu kimoja cha vitu hivyo hakikutumika ipasavyo.

Kwanza yatupasa kujua moto wenyewe. Moto wataka vitu vitatu vikutane: kitu cha kuungua, hewa, na joto. Ukiondoa kimoja, hapana moto. Hewa iko kila mahali, wala hatuwezi kuitoa ghalani. Basi kazi yetu ni kutenga viwili vilivyosalia visionane.

Hayo twayajua tangu jikoni. Walakini kiwandani yako mambo yadanganyayo macho. Pipa la petroli lililokwisha laonekana kuwa halina hatari, kumbe laweza kuwa baya kuliko lililojaa, maana ndani yake umebaki mvuke uliochanganyika na hewa, wangoja cheche tu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hata ukaikuta taa au sigara ya mtu aliye mbali. Matambara yaliyolowa mafuta ya kuchanganyia rangi, yakirundikwa pembeni, huweza kupata joto yenyewe na kuwaka pasipo kiberiti. Tena liko vumbi. Unga uliomo guniani hauwaki upesi, lakini ukitimka hewani ndani ya chumba, ukakutana na moto, hulipuka kama baruti. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa cha Washburn katika mji wa Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga, wakafa watu 18. Karibu miaka 130 ikapita, na tarehe 7 Februari 2008 vumbi la sukari likafanya vivyo hivyo katika kiwanda cha Port Wentworth, huko huko Marekani, wakafa 14. Basi amwonaye mfagiaji wa vumbi juu ya mihimili kuwa afanya kazi ya unyonge, hajui thamani ya ufagio ule.

Sasa nivirudie vile vitu vitatu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa hiyo nitachukua mifano ya wenzetu.

La kwanza ni daftari. Mwaka 2013 meli moja iliingia bandari ya Beirut, nchi ya Lebanoni, nayo imechukua tani 2,750 za amonia nitrati, ambayo ni chumvi itumiwayo kwa mbolea na hata kwa kutengenezea baruti. Meli ikazuiliwa, na mwaka 2014 shehena ikatiwa katika Ghala Nambari 12. Ikakaa humo karibu miaka sita. Jambo hilo halikuwa siri, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa. Wakuu wa forodha walimwandikia hakimu barua baada ya barua, wakiomba shehena iondolewe. Barua zilikwenda, shehena haikwenda. Tarehe 4 Agosti 2020 moto ulitokea katika ghala lile. Watu kumi wa kikosi cha wazima moto wakapelekwa upesi, wala hawakuwa wameambiwa ndani mna nini. Wote kumi walikufa, na pamoja na watu wa mjini waliokufa walizidi 200.

Ndugu zangu, hapa pana fundisho kwa kila mtu ashikaye kalamu. Kuandika barua mara moja, kutia nakala katika faili, na kusema "Mimi nimekwisha kuandika", hiyo ni kujikinga nafsi yako. Si kuzuia moto. Kazi ya barua haimaliziki inapotiwa muhuri. Humalizika siku shehena inapoondoka. Tena orodha ya vitu vya hatari yafaa nini ikiwa imefungiwa ofisini, na mzima moto aliye mlangoni haijui?

La pili ni ufunguo. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, moto ulishika kiwanda cha nguo kiitwacho Triangle, kilichokuwa katika orofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo refu. Vipande vya vitambaa vilikuwa vimerundikwa chini ya meza za wakataji, na humo ndimo moto ulimoanzia. Mlango mmoja wa orofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee mlango mwingine, wapekuliwe mikoba wasije wakaiba. Ngazi za wazima moto zilifika orofa ya 6 tu. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana. Desemba ya mwaka ule wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiliwa, maana haikuthibitika ya kwamba walijua kuwa mlango ulikuwa umefungwa saa ile.

Basi kila mmoja wetu na ajiulize: funguo za milango mingapi zalala katika mtoto wa meza yangu, watu wangali ndani? Mali iliyoibwa hununuliwa tena.

La tatu ni simu. Katika moto ule ule, karani wa hesabu aliyekuwa orofa ya 8 alipiga simu orofa ya 10, na watu wa huko karibu wote wakaokoka. Orofa ya 9, iliyokuwa katikati, haikuletewa habari mpaka moto wenyewe ulipowafikia. Na huko ndiko walikokufa wengi. Karani yule hakuwa na ndoo wala mpira wa maji, lakini neno lake liliokoa watu wengi. Lililokosekana ni utaratibu uliowekwa mapema, wa nani amwambie nani, na kengele isikiwe wapi.

Najua neno mlilo nalo moyoni, maana mimi nami ni karani. Mwasema: "Nikimwandikia mkubwa wangu ya kwamba mlango umefungwa au mapipa yamekaa karibu na jiko, ataniambia, Wewe nani amekufanya mkaguzi? Kisha nitahamishwa, au jina langu litarukwa katika orodha ya wapandao daraja." Hofu hiyo si upuuzi, wala simcheki mtu aliye nayo, maana ana watoto wa kulisha. Lakini kwa ajili hiyo tuna Chama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, Bwana Rais, naomba kuleta shauri hili mbele ya mkutano:

Kwanza, kabla ya mkutano ujao kila mwanachama azunguke mahali pake pa kazi na kutazama mambo matano: milango ya kutokea, mapipa na madebe ya mafuta, vumbi na takataka, nyaya za umeme zilizochubuka, na mitungi ya kuzimia moto kama ingali na nguvu.

Pili, aonapo hatari amwandikie mkubwa wake kwa adabu, kwa maneno machache, akitaja tarehe, kitu alichokiona, na tendo linalotakiwa.

Tatu, siku 14 zikipita pasipo jawabu, aandike tena, kisha amjulishe Katibu wetu, na Chama kiandike kwa jina lake chenyewe. Hatutaki kutangaza siri za ofisi, wala kumfedhehesha mtu. Twaomba lililo katika sheria tu, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya inayo yake ya mwaka 2007, nazo zote zimeweka wakaguzi wa kazi hiyo.

Ndugu yangu aliyeniuliza swali, jawabu langu ndilo hilo. Moto ukisha kuwaka ni kazi ya wenye mipira na ndoo, na sisi tutakimbia kama wengine. Kabla haujawaka ni kazi yetu, na saa ya kuifanya ni kesho asubuhi, tufunguapo ofisi.