Mlango wa Bunge na Ufunguo wa Chama



Mwanachama wa chama cha msingi anayetaka kuingia katika Bodi huulizwa mambo machache. Je, amelipa kiingilio na hisa zake? Je, huuza mazao yake kwa chama? Je, wenzake wanamwamini? Mambo hayo yakitimia, mkutano mkuu humpigia kura. Lakini mkulima huyo huyo akitaka kuwa Mbunge wa Rungwe, Mbozi au Mufindi, uaminifu wake hautoshi. Ibara ya 67 ya Katiba humtaka awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ikiwa amekipoteza imani chama kinachotawala, amebakiwa na mambo mawili: kunyamaza, au kuchukua kadi ya chama kingine, hata kama hakiamini. Mazungumzo haya yanahusu njia ya tatu, yaani mgombea binafsi.

Njia hiyo si ngeni nchini. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa TANU. Hakuwa adui wa TANU. Alikuwa mwana-TANU asiyekubaliana na uteuzi uliofanywa. Wananchi walimpa kura, naye akaingia Bungeni. Wala nchi haikuyumba kwa sababu hiyo.

Mwaka 1965 Katiba ya Muda iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na mlango huo ukafungwa. Ni kweli kwamba wapiga kura waliweza bado kumkataa mtu. Mwaka huo huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa waasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba, alishindwa katika uchaguzi. Lakini aliyetofautiana na chama chenyewe hakuwa na pa kwenda. Jambo hilo lilionekana wazi Nyanda za Juu Kusini mwezi Oktoba 1968, TANU ilipowafukuza uanachama watu kadhaa, miongoni mwao Eli Anangisye, Mbunge wa Rungwe Kaskazini, na F. K. Chogga, Mbunge wa Iringa Kusini. Kwa kupoteza kadi walipoteza na viti vyao. Watu wa majimbo hayo ndio waliowachagua, lakini si wao waliowaondoa.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, wengi walidhani shida hiyo imekwisha. Sharti la kuwa na chama lilibaki. Aliyelipinga mahakamani alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, wilaya iliyokuwa Mkoa wa Iringa kabla ya kuundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Kabla mwaka haujakwisha, Bunge lilibadili Katiba ili kulizuia jambo hilo. Mtikila alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani waliitengua hukumu hiyo, wakisema suala hilo ni la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba sharti hilo linavunja Mkataba wa Afrika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mwezi Oktoba 2015, sheria ikiwa haijabadilika.

Yapo maneno ya upande wa pili, nayo yafaa kusikilizwa. Husemwa kwamba mgombea binafsi atanunua kura kwa fedha zake, au atawagawa watu kwa ukabila, au hatakuwa na wa kumwajibisha. Lakini fedha na ukabila hupita pia ndani ya vyama, na dawa yake ni sheria kali dhidi ya rushwa, pamoja na sharti la idadi ya kutosha ya wadhamini jimboni. Ama kuhusu kuwajibika, mbunge asiye na chama huwajibika kwa wale waliompa kura.

Husemwa pia kwamba vyama vya upinzani vyatosha. Ni kweli kwamba mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini walimchagua Joseph Mbilinyi, na wa Iringa Mjini Mchungaji Peter Msigwa, wote wa CHADEMA. Hata hivyo, mwezi Aprili 2025 CHADEMA ilizuiwa kushiriki uchaguzi wa mwaka huo baada ya kutotia saini kanuni za maadili ya uchaguzi. Mwanachama wake yeyote aliyetaka kugombea ilimpasa ahamie chama kingine au akae nyumbani. Chama kikikosa nafasi, wote waliomo hukosa nafasi.

Wanaushirika wanaifahamu hali hii kwa kuwa waliionja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na mamlaka za mazao zikachukua kazi yao. Mkulima wa kahawa hakuulizwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini ushirika ukahesabiwa miongoni mwa jumuiya za CCM, hata Sheria ya mwaka 1991 ilipouweka huru. Tangu hapo mwanachama hujulikana kwa hisa zake na mazao yake.

Kwa hiyo inafaa Makatibu waliweke jambo hili mbele ya wanachama bila kukipendelea wala kukichukia chama chochote. Ghala, gari na fedha za chama cha ushirika visitumiwe na mgombea yeyote. Bali mwanachama ana haki ya kuuliza: ikiwa anaaminiwa kumchagua mlinzi wa mazao yake kwa kumtazama mtu, kwa nini asiaminiwe hivyo hivyo kumchagua mtunga sheria zake?