Yoga na mgongo wa Mbaraki



Hapa Mbaraki wengi tunakula kwa mgongo. Wapo wapakiaji wa magunia kwenye magodauni, wapo madereva wa malori, na sisi wa ofisini tunaokaa kitini kutwa. Wangu ulishaanza kulalamika.

Mwaka 2017, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kwanza, kabla ya dawa, kwa maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Si muujiza. Misuli iliyokaza inanyooshwa, ya tumbo na kiuno inapata nguvu, na pumzi ndefu inatuliza fikra.

Najua swali la barazani: hii si ibada ya Kihindi? Asili yake India, kweli, na wapo wanaoifanya kwa ibada. Lakini kujinyoosha na kuvuta pumzi hakukudai utamke neno. Mwenye shaka amuulize shehe au mchungaji wake.

Tandika mkeka uani, au pale Mama Ngina kando ya bahari, jua halijakolea. Anza na dakika kumi. Mjamzito, mwenye presha au aliyeumia uti wa mgongo, pitia zahanati kwanza. Kiungo kikiuma, acha hapo hapo.