Kusoma Tairi: Dalili za Hitilafu katika Magurudumu na Usukani

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata kuhusu usalama wa vyombo vya usafiri



Gari kijijini si la mwenye gari peke yake. Lile lile lipelekalo mahindi mnadani asubuhi ndilo hukodiwa usiku kumkimbiza mjamzito hospitali ya wilaya. Lile libebalo wanafunzi siku za kazi ndilo hubeba waombolezaji siku ya Jumamosi. Kwa hiyo tairi lililolika upande mmoja linaugusa mfuko wa mmiliki, lakini linagusa pia maisha ya kila aketiye ndani ya gari hilo. Ndiyo sababu mada hii imeletwa katika mkutano wa kata badala ya kuachwa gereji.

Wenye magari wengi hununua tairi jipya, kisha hushangaa kuona nalo limekwisha mapema kama lile lililotangulia. Hulaumiwa muuzaji, hulaumiwa fundi, hulaumiwa barabara ya changarawe. Mara nyingi jibu lipo kwenye tairi lile lile la zamani lililotupwa nyuma ya nyumba, kwa maana kila hitilafu iliyo chini ya gari huacha alama yake juu ya kashata. Mwenye kuzijua alama hizo hutambua ugonjwa kabla ya kutoa fedha ya dawa.

Alama zilizo juu ya tairi

Tairi lililolika kingo zote mbili huku katikati kukiwa kuzima limekuwa likitembea na upepo mdogo. Lililolika katikati huku kingo zikiwa nzima limekuwa likijazwa kupita kiasi. Hapo hakuna haja ya fundi wa usukani. Kinachohitajika ni kipimo cha upepo. Kiasi sahihi kimeandikwa na mtengenezaji wa gari, aghalabu katika kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, wala si kiasi ambacho gari hilo linakihitaji. Kuyachanganya mambo haya mawili kumeharibu matairi mengi.

Tairi lililolika ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, lina habari nyingine. Huenda gurudumu limeinama, yaani likitazamwa kutoka mbele ya gari halisimami wima kama lipaswavyo. Mafundi huita mwinamo huo kemba. Huenda pia magurudumu mawili ya mbele hayatazami njia moja: yakitazamwa kutoka juu, ncha zake za mbele zimekaribiana au zimeachana kuliko inavyotakiwa. Namna ya kutofautisha ni kupitisha kiganja taratibu juu ya kashata, kutoka nje kwenda ndani na kurudi, kwa uangalifu kwa sababu nyaya za tairi lililokwisha huweza kukata. Kama upande mmoja wa safari ya kiganja ni laini na upande wa kurudi unakwaruza kama meno ya msumeno, kosa liko katika uelekeo wa magurudumu.

Kosa hilo la uelekeo ndilo mlaji mkubwa wa matairi, na hesabu yake ni rahisi. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 600 likikosea njia kwa milimita 3 tu, huburutwa kwa ubavu takriban mita 5 katika kila kilomita 1. Katika safari ya kilomita 100 tairi hilo limeburutwa mita 500 juu ya lami, kama jiwe linavyosuguliwa juu ya jiwe. Hakuna kashata iwezayo kuhimili hali hiyo kwa muda mrefu.

Alama ya mwisho ni mabonde mabonde: sehemu moja ya tairi imeliwa, inayofuata ni nzima, kisha imeliwa tena. Hii hutokea pale gurudumu linaporukaruka badala ya kuishika barabara. Wa kushukiwa kwanza ni shokapu iliyochoka, kisha ukosefu wa balansi, kisha beringi au viungo vilivyolegea.

Dalili zinazopatikana kwenye usukani

Gari likivuta upande mmoja, haraka ya kwenda kwenye mashine ya alaimenti izuiwe kwanza. Barabara nyingi zimejengwa zikiwa na mteremko mdogo kuelekea kingo ili maji yatiririke. Na kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, gari zima kabisa huweza kuelea polepole kuelekea kushoto. Jaribio la haki hufanywa mahali tambarare pasipo na magari, kwa mwendo wa polepole, mikono ikilegezwa tu bila kuuachia usukani.

Ikithibitika kwamba gari linavuta, upepo wa matairi mawili ya mbele hulinganishwa. Ukiwa sawa, tairi la kulia na la kushoto hubadilishana nafasi, isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo ubavuni. Gari likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Likiendelea kuvuta upande ule ule, kosa ni la gari. Baada ya safari fupi, rimu iliyo moto kupita wenzake huonyesha breki inayoshika bila kuachia. Na kama gari huvuta pale tu breki inapokanyagwa, fundi anayehitajika ni wa breki.

Usukani uliopinda ilhali gari linakwenda moja kwa moja humaanisha kwamba uelekeo wa magurudumu umevurugika, mara nyingi baada ya kugonga shimo au baada ya kubadilishwa rodi endi bila kupimwa. Usukani mzito huanzia kwenye upepo mdogo wa matairi ya mbele, kisha oili ya usukani na mkanda wake. Usukani unaotikisika gari lifikapo kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kisha ukatulia mwendo unapobadilika, hudai balansi. Wakati wa masika, kabla ya kulipia balansi, rimu ichunguzwe kwa ndani: matope yaliyokauka humo yanatosha kulitikisa gari zima, na dawa yake ni maji na kijiti.

Dalili ya kutisha kuliko zote ni uchezaji: usukani unazungushwa kidogo na magurudumu hayaitiki. Dereva huizoea hali hiyo siku baada ya siku, kwa sababu huongezeka taratibu, hadi kiungo kichomoke na gurudumu ligeukie linakotaka. Gari la namna hiyo halifai kubeba mtu hata kwa safari ya jirani.

Uchunguzi wa viungo

Gari huwekwa mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Gurudumu moja la mbele hunyanyuliwa kwa jeki, na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu hushikwa kulia na kushoto na kutikiswa; likicheza, rodi endi na viungo vingine vya usukani vinashukiwa. Kisha hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi au boljointi inashukiwa. Kazi yote huchukua dakika chache kwa kila gurudumu.

Utaratibu wa matengenezo

Hapa ndipo fedha nyingi za wananchi hupotelea. Mwenye gari huona tairi limelika, huenda moja kwa moja kupima alaimenti, hulipa, na baada ya miezi michache tairi jipya nalo limelika. Mashine haikukosea. Vipimo vilinyooshwa juu ya rodi endi iliyolegea. Gari lilipoondoka na kupita shimo la kwanza, rodi endi ilicheza na vipimo vyote vikatoweka. Mwenye gari amelipia alaimenti, amelipia tairi, na bado anadaiwa rodi endi ambayo ingebadilishwa mwanzoni kwa fedha kidogo kuliko hizo.

Utaratibu ulio sahihi ni huu: kwanza upepo, pili hali ya matairi na rimu, tatu viungo, beringi, bushi, shokapu na springi, nne balansi, na mwisho kabisa alaimenti. Alaimenti huhitajika baada ya kubadilisha viungo vya usukani, baada ya kugonga shimo au jiwe kwa nguvu, na wakati wa kufunga matairi mapya iwapo ya zamani yalilika vibaya. Fundi asiyetikisa gurudumu kabla ya kupima amekwisha kukosea. Mwenye gari anayo haki ya kuomba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, vikilinganishwa na vile vya mtengenezaji.

Pale ambapo mashine haipo, mafundi wengi hutumia kamba iliyovutwa ubavuni mwa magurudumu. Njia hiyo, ikifanywa kwa uangalifu, husaidia kurekebisha uelekeo wa magurudumu ya mbele. Haiwezi kupima ipasavyo mwinamo wa gurudumu wala kasta, ambayo ndiyo huurudisha usukani katikati baada ya kona. Kwa hiyo kamba ni msaada wa kulifikisha gari mjini, lakini haitoshi kuwa tiba ya kudumu.

Tairi la mtumba na uzito wa mzigo

Wengi hununua matairi yaliyokwisha kutumika. Kabla ya kununua, namba nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT zisomwe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata ndefu lakini lenye umri mkubwa na nyufa ubavuni ni hatari, hata kama linang'aa kwa rangi. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya kuonyesha uchakavu, vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikishuka hadi kulingana navyo, tairi limekwisha, na juu ya lami yenye maji halishiki tena barabara.

Mzigo nao una sehemu yake. Gari linalozidishiwa magunia hulemea springi, magurudumu huinama, na ukingo wa tairi huanza kuliwa. Faida ya gunia la ziada hurudi gereji kwa njia hiyo.

Wajibu wa kila mmoja

Dereva anao wajibu wa kulizunguka gari kila asubuhi na kuyatazama matairi yote, pamoja na la akiba. Mmiliki anao wajibu wa kumsikiliza dereva anaposema usukani unacheza, na kutomtafuta dereva mwingine aliye tayari kunyamaza. Abiria naye asione aibu: kuinama na kulitazama tairi kabla ya kupanda si dharau kwa mwenye gari. Tairi la kipara huonekana hata kwa mtoto wa shule, na ni afadhali safari icheleweshwe kwa saa moja kuliko msafara wa mazishi kuzaa mazishi mengine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari, ufa huo ni milimita 3 za uelekeo na rodi endi moja iliyolegea.