Kemia ya Mikono na Kemia ya Simu: Mada kwa Warsha ya Walimu wa Vyuo, Kalemie



Hoja yangu ni hii: intaneti imtayarishe mwanafunzi kabla ya TP, yaani kazi za vitendo za maabara, na imsaidie baada yake, lakini TP yenyewe aifanye kwa bureti na kimiminika halisi.

Vifaa vizuri vipo. Simulesheni za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ni za bure na zipo kwa Kifaransa, lugha ya mihadhara yetu. ChemCollective ya Carnegie Mellon humfungulia mwanafunzi stoo nzima ya kemikali: anachanganya asidi na besi, anasoma pH, akikosea anaanza upya bila kuungua wala kumaliza chupa. Pale darasa zima linapozunguka bureti moja, aliyesimama nyuma huondoka na ripoti aliyonakili kwa mwenzake. Huyo ndiye ninayemfikiria.

Kikwazo ni mega za intaneti na umeme. Tusipange somo linalomtaka kila mmoja awe hewani saa ileile. Simulesheni za PhET hupakuliwa na kuendeshwa bila intaneti. Mwasistenti apakue mara moja, kisha asambaze kwa fleshi na Bluetooth.

Sasa tuje kwenye maji yetu. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na bikaboneti nyingi. Chota mililita 100, tia matone ya methili oranji, dondosha asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita: zitahitajika takriban mililita 6 au 7 kabla rangi ya njano haijageuka. Kwenye skrini asidi ina nguvu ileile iliyoandikwa. Mezani, asidi imekaa chupani miezi, na kiputo cha hewa kimejificha kwenye ncha ya bureti. Wanafunzi wawili wanapata majibu mawili. Nani amekosea, kwa kiasi gani, na tutajuaje? Maswali hayo ndiyo kemia yenyewe, na simulesheni haiyaulizi.

Na hapa ndipo intaneti ina kazi ambayo hakuna chombo kingine kingeifanya. Ziwa hili ni la Uvira, la Bujumbura na la Kigoma pia, na kote huko kuna watu wa kuyapima maji yake. Wanafunzi wa miji minne wakipima siku moja kwa njia moja, majibu yao yakakutana katika jedwali moja lililo wazi kwa wote, kila kundi litalazimika kutetea namba yake mbele ya wenzake. Jedwali kama hilo halili mega nyingi. Hata simu ndogo hulifungua.

Napendekeza tuanze na mwaka wa kwanza, alama za TP zigawanywe nusu mezani na nusu katika utetezi huo. Kinachobaki ni kukubaliana siku na saa ya kuchota maji, tukikumbuka kwamba saa ya Kigoma imetangulia yetu kwa saa moja.