Kipimo cha Usawa ni Kimoja



Siku hizi si jambo geni kumsikia msomi akidai kwamba harakati za ukombozi wa wanawake zimepotoka. Kwamba zamani zilidai usawa, lakini sasa zinataka kumweka mwanamke juu na mwanamume chini. Madai hayo yanastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa hasira. Hapana budi yatazamwe matendo ya harakati zenyewe: je, zinatumia kipimo kimoja kwa wote, au viwili?

Mwaka 1972, huko Marekani, mwalimu aitwaye Paula Wiesenfeld alifariki dunia wakati wa kujifungua. Katika miaka yake ya kazi alikuwa akikatwa mshahara kuchangia hifadhi ya jamii, kama walivyokatwa wanaume. Lakini mumewe, Stephen, alipotaka kubaki nyumbani amlee mtoto wao mchanga, alinyimwa malipo ambayo mjane mwenye mtoto angeyapata. Sheria haikumtambua mgane. Wakili aliyemtetea alikuwa Ruth Bader Ginsburg, mpiganaji mashuhuri wa haki za wanawake. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba ubaguzi huo ulikiuka katiba. Hapo ilidhihirika kwamba aliyedharauliwa kwanza alikuwa Paula mwenyewe: fedha zake zilipokewa sawa na za mwanamume, lakini jasho lake halikuthaminiwa sawa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18, huku msichana akiweza kuozwa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo, hakuomba upendeleo. Alidai umri uwe mmoja. Alishinda mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo. Mvulana alipoteza nini katika hukumu hiyo? Hakupoteza chochote.

Tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake wa Iceland waligoma kazi za ofisini na za nyumbani kwa siku nzima, ili nchi ione uzito wa kazi yao. Miaka 25 baadaye, sheria ya nchi hiyo iligawa likizo ya uzazi ya miezi 9: mitatu ya mama, mitatu ya baba, na mitatu ya kugawana wenyewe. Madai ya wanawake yakawa yamempatia baba haki ya kumlea mwanawe.

Hata hivyo, kasoro ipo, wala haifai kufichwa. Wapo wanaodhani kwamba ukombozi umetimia pindi wanawake wachache wanapopata vyeo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa, ilimpa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na baba siku 3. Siku hizo zikiisha, nani hubaki na mtoto? Katika nyumba nyingi za mijini, bwana na bibi huenda kazini kwa sababu binti aliyeletwa kutoka kijijini ameamka kabla yao, na atalala baada yao, bila mkataba wala likizo. Usawa wa bwana na bibi uliojengwa juu ya mgongo wa binti huyo si usawa. Mzigo haukupungua, umehamishwa tu kutoka kwa mwanamke mwenye elimu kwenda kwa asiye nayo.

Basi, je, harakati hizi bado zinasimamia usawa? Zinausimamia kila zinapodai sheria moja kwa mwana na binti, kwa mjane na mgane. Zinauacha zinapomsahau mnyonge aliye jikoni. Na kipimo hicho hakiwahusu wanaharakati peke yao. Mwalimu anayefundisha haki za binadamu darasani, na afisa anayeilinda sheria ofisini, waanze kwa kumpa mtumishi wa nyumbani mkataba, ujira wa halali na siku ya mapumziko; na baba wa nyumba naye apokee sehemu yake ya ulezi. Usawa unaoishia mlangoni mwa nyumba ni maneno matupu.