Nyumba Haisimami kwa Nguzo Moja
(Maneno kwa wakaaji wa Kamina)



Mji wetu ulikuzwa na reli. Mwaka 1928 njia ya gari la moshi ilipita hapa kufika Ilebo. Mwaka 1956 ikaungana na ile ya Kabalo. Wakati wa Wabelgiji, kambi za reli na kambi za migodi kule Likasi na Kolwezi zilikuwa na desturi moja: nyumba ni ya kampuni. Kazi ikikwisha, funga mzigo. Tulijenga mali ya wengine, tukalala kwa ruhusa.

Leo tunajenga wenyewe, kila mtu katika lupango yake. Lakini kila mtu peke yake! Mmoja anageuza maji ya mvua yaende kwa jirani. Jirani anayasukuma barabarani. Barabara inakuwa shimo, na shimo linarudi kula ukuta wa yule wa kwanza. Mwingine ananunua kiwanja kwa neno la mdomo. Akifa, mjane na watoto wanatolewa nje. Sheria ya mwaka 1973 ilisema wazi: ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa.

Tuwatazame ndugu zetu wa Hanna Nassif, mtaa wa Dar es Salaam uliokuwa ukifurika maji. Katika miaka ya 1990 walichagua kamati, wakachanga fedha, wakachimba mifereji na kutengeneza njia kwa mikono yao. Wakuu wa mji na wasaidizi wa ng'ambo nao walitoa fedha na maarifa.

Sisi tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila avenyu ichague kamati, na wanawake na wapangaji wawemo. Pili, kabla ya mvua tutembee pamoja, tuandike maji yanapopita, kisha tuchimbe mfereji mmoja mpaka mwisho. Tatu, tuanzishe kikelemba cha vyeti, chenye daftari linalosomwa mbele ya wote, na twende ofisi ya ardhi kwa kundi. Mmoja huambiwa arudi kesho. Mia moja husikilizwa leo.

Barabara kubwa na madaraja ni deni la Serikali, wala hatulisamehi. Lakini anayedai akiwa na jembe mkononi hana wa kumwita mvivu.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mvua haitatungoja. Tuanze.