Kwa Nini Kompyuta za Shirika Zimehama Windows na Kuingia Linux

Maneno ya komite mbele ya wanachama na wafadhili, Lulimba



Wanachama walituomba tueleze jambo ambalo limesemwa sana hata kule kisimani: kwa nini kompyuta mbili za shirika hazifunguki tena kama zamani, na kama ni kweli komite imeharibu mashini za wafadhili. Hatukuziharibu. Lakini muna haki ya kusikia yote, pamoja na yale yaliyotushinda.

Tuanze na orodha. Wengi wetu tulikaa Lugufu, wengine Nyarugusu, kule Kigoma. Tunajua maana ya kusimama kwenye mstari wa mgao, ufike mbele, uambiwe jina halipo. Una njaa, una watoto, lakini karatasi haikujui. Kuanzia mwaka 2005 tulipovuka Tanganyika kurudi Baraka, na wengine tukapanda mpaka huku, hatukutaka tena jina la mtu lipotee. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha umoja huu kilikuwa daftari la majina na michango. Baadaye daftari likaingia kwenye kompyuta.

Mwaka uliopita, siku tatu kabla ya kugawa pesa za mbegu, tulipeleka flashi kwenye duka la fotokopi ili orodha ichapishwe. Iliporudi, kila faili lilikuwa limegeuka alama ndogo yenye mshale. Ukibonyeza, hakuna kitu. Kibaya zaidi, virusi iliingia mpaka kwenye mashini ya biro, na nakala yetu nyingine ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Nani amelipa, nani ana deni, nani amefiwa na bado hajapewa pole yake: vyote havionekani. Karani hakulala. Na munakumbuka wenyewe maneno yaliyoanza: "Wamekula pesa, sasa wanasingizia mashini."

Kijana mmoja mwanachama akaja na flashi yake yenye Linux Mint. Aliiwasha kompyuta kupitia flashi hiyo, bila kugusa kilichokuwa ndani ya mashini. Kisha akachomeka flashi yetu. Mafaili yote yalikuwepo! Virusi haikuyafuta, iliyawekea tu alama ya kufichwa, na Windows ilikuwa inaitii ile alama. Linux haiifuati, ikatuonyesha kila kitu. Siku ya mgao kila mtu alisikia jina lake likisomwa.

Basi Linux ni nini? Ni mtambo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo. Mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, aliuanza mwaka 1991, na watu wa nchi nyingi wameendelea kuujenga. Sheria yake inaruhusu mtu yeyote kuunakili, kuurekebisha na kumpa jirani. Mint ni mojawapo ya sura zake nyingi. Ilianza mwaka 2006, na imepangwa ili mtu aliyezoea Windows asipotee sana.

Tulikuwa na sababu tatu. Ya kwanza mumeisikia: virusi nyingi zinazozunguka kwenye flashi zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na ndani ya Linux hazipati pa kukaa. Hatusemi kwamba Linux haina ugonjwa. Ya pili ni aibu yetu: Windows tuliyokuwa nayo iliwekwa na fundi bila karatasi yoyote ya malipo. Shirika linalodai risiti kwa kila mwanachama haliwezi kufanya kazi na kitu cha namna hiyo. Ya tatu ni tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida. Mashini haizimiki siku hiyo, ila kinga mpya haziji tena, isipokuwa kwa mpango maalum wa muda mfupi. Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta zetu hazina. Kununua nyingine ingekuwa kula pesa za mbegu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Faili la Mint ni karibu giga 3. Tulilivuta mara moja tukiwa Baraka, tukalibeba kwenye flashi. Tukanakili kwanza kila kitu cha shirika. Wiki mbili tukajaribu kwa kuwasha kupitia flashi tu. Ndipo tukaiweka ndani, na kila mashini ilimaliza kabla batri ya sola haijachoka.

Sasa matatizo. Printa ilikataa siku nne. Karani wetu mzee alikasirika, akasema tunamrudisha darasa la kwanza. Tulimwelewa: hata sisi tuliporudi tulikuta nyumba ni yetu lakini hatujui tena maji yanachotwa wapi. Ripoti ya kwanza tuliyoandika kwa LibreOffice ilifika kwa mfadhili ikiwa imevurugika. Sasa za kusomwa tunazituma kwa PDF, za kurekebishwa tunazihifadhi kwa mfumo wa Word. Na kuna fomu moja ya bajeti iliyokataa kabisa kuhesabu. Kwa ajili yake kompyuta moja bado ina Windows pembeni ya Linux, haiunganishwi na intaneti.

Lugha je? Menyu tunatumia za Kifaransa. Lakini Kiswahili si mgeni humu: mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya biro yenye Kiswahili. LibreOffice ni wa ukoo huohuo wa OpenOffice, na tukiandika jarida hili inatusahihisha tahajia ya Kiswahili.

Lakini Linux haizuii mwizi, wala diski kufa. Kwa hiyo daftari la wino limerudi mezani, na kila mwisho wa mwezi nakala moja inapelekwa Baraka. Barabara ikifungwa, nakala ya pili inakaa kwa mwanachama mwingine hapahapa.

Wanachama, tunaomba kila kikundi kilete vijana wawili, msichana na mvulana, wajifunze Jumamosi. Yule kijana mmoja akisafiri, kazi isisimame. Wafadhili, kabla ya kutuma kompyuta mpya tuulizeni. Ya zamani yenye RAM ya giga 4 inatutosha, na pesa inayobaki iende kwenye mbegu. Fomu zenu pia zitengenezwe zifunguke kote.

Na mwenye shaka aje biro siku yoyote ya kazi. Tutamfungulia orodha, aone mstari wake, asome jina lake na michango yake kwa macho yake mwenyewe.